MASOMO YA ZIADA: MTOTO AFUNDISHWE KUANZIA PALE ALIPO

Msomaji aijuaye mitaa ya Eastlands, Nairobi, anaifahamu Mowlem, wadi iliyo katika eneo la ubunge la Embakasi Magharibi, jirani na Umoja, Kariobangi South na Dandora. Ni mahali pa nyumba za orofa zilizosongamana, zenye wapangaji wa kila kabila na kila kazi: makarani, mafundi, wachuuzi, madereva na walinzi wa usiku. Jioni, mama mboga anapowasha taa ya kibanda chake, utawaona watoto wenye sare za shule wakipita na mikoba mgongoni. Hawarudi nyumbani. Wanakwenda tuisheni.

Mimi nami nilikuwa mmoja wa wazazi wa watoto hao. Naandika habari hii si kwa kuwa nina elimu ya ualimu, maana mimi ni karani tu, bali kwa sababu nililipa ada ya masomo hayo mwaka mzima bila kujua ni kitu gani ninachokinunua. Hapana shaka wako wazazi wengi walio katika hali hiyo hiyo, wa mjini na wa shamba, na yafaa tuzungumze waziwazi.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, 2023. Nyanya wa watoto wangu alituletea ujumbe kwa simu kutoka nyumbani. Mikono yangu ilikuwa na maji, basi nikamwambia mwanangu wa kwanza, aliyekuwa gredi ya tano, "Hebu tusomee nyanya anasema nini." Aliishika simu, akaitazama sana. Neno la kwanza lilikuwa "ng'ombe." Akasema "nnn", kisha akanyamaza. Akalitazama neno la pili, akanyamaza tena. Dada yake mdogo, aliyekuwa gredi ya pili, alisogea, akachungulia, akasoma kwa sauti: "Ng'ombe amezaa. Mnakuja lini?" Hakuna aliyecheka. Mtoto aliiweka simu mezani polepole, akaenda kulala kabla ya chakula.

Usiku huo nilipiga hesabu. Nilikuwa nikilipa shilingi 200 kila juma kwa masomo ya jioni. Kwa majuma 36 ya shule ni shilingi 7,200. Ruzuku ya elimu ya msingi bila malipo iliyowekwa na Serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ilikuwa shilingi 1,420 kwa mwaka. Yaani mimi karani nilikuwa nimetoa mara tano ya ile ruzuku, na mwanangu hawezi kusoma neno "ng'ombe." Nikachukua madaftari yake nikayafungua. Yalikuwa safi, yamejaa maandishi mazuri, na alama za vema kila ukurasa. Ndipo nikafahamu. Mtoto alikuwa amejifunza kunakili ubaoni, kusoma hakujifunza.

ALIPOTEA NJIA WAPI?

Tusikimbilie kumlaumu mtoto wala mwalimu kabla ya kutazama miaka ilivyokwenda. Mwaka 2020 mwanangu alikuwa gredi ya pili, na gredi ya pili ndipo mtoto anapoacha kutamka herufi mojamoja akaanza kusoma maneno. Tarehe 15 Machi mwaka huo Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule zote kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba. Waliosalia, mwanangu akiwa mmoja wao, walikaa nyumbani mpaka tarehe 4 Januari 2021. Serikali ilijitahidi kupeleka masomo kwa redio na televisheni, lakini redio haiwezi kumsikiliza mtoto anaposoma na kumwambia, "Hapo umekosea, rudia."

Shule zilipofunguliwa, kalenda ilibanwa ili kulipa muda uliopotea. Mwaka wa masomo wa 2021 ulianza mwezi wa Julai ukamalizika Machi 2022. Ule wa 2022 ukaanza Aprili ukaisha Novemba. Watoto walipanda gredi kwa haraka kama abiria wanaosukumwa ndani ya matatu. Aliyekuwa amekwisha kujua kusoma alivumilia. Aliyekuwa bado, alipandishwa pamoja na wenzake, na kila gredi mpya ilimkuta na vitabu vigumu zaidi.

Wala korona si chanzo peke yake. Watafiti wa Uwezo, walioanza kuwapima watoto majumbani hapa Kenya mwaka 2009, walieleza katika taarifa zao za miaka ya mwanzo kwamba katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, ni 3 tu walioweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Hayo yalikuwa miaka mingi kabla ya ugonjwa huo.

Wazee wetu watakumbuka kwamba zamani za ukoloni mtoto aliyeachwa nyuma hakufichika. Mwanafunzi Mwafrika alifanya mtihani wa mchujo mwishoni mwa darasa la nne, na aliyeshindwa alirudi nyumbani kuchunga mbuzi, na hiyo ndiyo ikawa elimu yake yote. Ulikuwa utaratibu mkali, na uliwatupa wengi wenye akili njema. Siku hizi Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 35, inakataza mwanafunzi kurudishwa nyuma darasa au kufukuzwa shule. Ni sheria ya huruma. Lakini huruma hiyo ina deni lake: ikiwa mtoto hatakariri darasa, basi ni lazima awepo mtu wa kumfundisha kile alichokosa. Asipokuwepo, mtoto huendelea kukaa darasani kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji.

SHERIA NA TUISHENI

Pengine msomaji atauliza, "Je, Serikali haikupiga marufuku tuisheni?" Ni kweli. Marehemu Mutula Kilonzo alipokuwa Waziri wa Elimu alitoa amri mwaka 2012 ya kukomesha masomo ya wakati wa likizo. Mwaka uliofuata, kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kikakataza masomo hayo, na adhabu yake ikawekwa kuwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Nia yake ilikuwa njema, yaani mtoto apumzike, na mzazi maskini asitozwe ada ya pili kwa kazi ambayo mwalimu amekwisha kulipwa mshahara.

Walakini marufuku peke yake haimfundishi mtoto kusoma. Taifa la Korea ya Kusini lilipiga marufuku masomo ya kulipia mwaka 1980, kwa nguvu kubwa ya utawala wa kijeshi. Watu waliendelea kuyanunua kwa siri, na matajiri ndio walioweza kulipa bei ya siri. Mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliibatilisha marufuku ile. Mzazi mwenye hofu juu ya mwanawe hatazuiwa na tangazo. Atazuiwa tu akiona kwamba msaada anaoutafuta unapatikana shuleni, bure, na kwamba unafaa.

Basi neno la kupima ni hilo: unafaa, au haufai?

YALIYOJARIBIWA BUSIA NA KWINGINEKO

Kwa bahati njema jambo hili halina haja ya kubishaniwa kwa maneno matupu, kwa maana lilijaribiwa papa hapa Kenya. Katika miaka ya 1990 wataalamu waligawa vitabu vya kiada katika shule za msingi za Busia na Teso, kisha wakalinganisha mitihani ya watoto wa shule zilizopata na zisizopata. Wengi walitazamia kwamba vitabu vingewainua wote. Haikuwa hivyo. Walionufaika ni wale waliokuwa mbele tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na mtoto wa kawaida hakuweza kuvisoma. Kumpa kitabu mtoto asiyeweza kukisoma ni kama kumpa jembe mtu asiye na shamba.

Mwaka 2005 likaja jaribio lingine katika magharibi ya Kenya, la Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer. Shule 121 zilipewa fedha za kuajiri mwalimu mmoja zaidi wa darasa la kwanza, ili darasa ligawanywe mara mbili. Katika shule 60 watoto waligawanywa kwa kiwango cha maarifa yao. Katika zilizosalia waligawanywa bila kutazama kiwango. Wengi walidhani kuwatenga walio nyuma kungewaumiza. Matokeo yalionyesha kwamba pale walipogawanywa kwa kiwango, walio mbele na walio nyuma wote walifanya vizuri kuliko wenzao wa shule nyingine. Sababu yake yaeleweka: mwalimu aliweza kuanza somo pale darasa lake lilipo. Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi za majaribio ya namna hiyo katika kupambana na umaskini.

Huko India nako chama cha Pratham, kilichoanzia mjini Mumbai katika miaka ya 1990, kilichukua wasichana wa mtaani waliomaliza sekondari, kikawafunza kwa muda mfupi, kikawatuma shuleni. Waliitwa "balsakhi," maana yake rafiki wa mtoto. Kila siku waliwatoa darasani watoto walio nyuma, wakawafundisha kwa saa mbili kusoma na kuhesabu kwa mwanzo kabisa. Watoto hao walipanda. Kutokana na kazi hiyo ikatokea njia ambayo leo inatumika katika nchi nyingi: mtoto hupimwa kwa dakika chache kama anajua herufi, neno, aya au hadithi, kisha huwekwa katika kundi la kiwango chake, bila kujali umri wala gredi.

KAZI YA SERIKALI, NA MAHALI INAPOKWAMA

Serikali ya Kenya haikulala. Mwaka 2015 Wizara ya Elimu, kwa msaada wa Marekani, ilianzisha mpango wa Tusome katika shule za msingi za umma nchi nzima, na pia katika shule nyingi za jamii kama zile za mitaa ya Nairobi. Kila mtoto wa madarasa ya mwanzo alipata kitabu chake mwenyewe cha Kiswahili na cha Kiingereza. Mwalimu alipata kiongozi cha kila somo. Na la muhimu zaidi, maafisa wa elimu walipewa vishikwambi, wakaingia darasani, wakamsikiliza mtoto mmojammoja akisoma, wakamshauri mwalimu. Hesabu ya watoto wa darasa la pili wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua sana katika miaka ya kwanza.

Jirani zetu wa Tanzania nao walikuwa na mpango wa MEMKWA, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa watoto waliokosa shule kwa wakati wake. Walifundishwa kwa muda uliofupishwa, na walimu wakisaidiwa na wawezeshaji wa kijijini, ili waweze kurudi katika mfumo wa kawaida na kufanya mitihani kama wenzao.

Lakini kusema kweli si kuikosea Serikali adabu. Mpango mzuri waweza kuharibika mikononi mwa ofisi. Mwaka 2010 walimu wa mkataba walijaribiwa katika shule 192 zilizochaguliwa kutoka mikoa yote minane ya wakati huo. Shule 128 zilipata mwalimu. Nusu yao zikasimamiwa na shirika la World Vision, na nusu zikasimamiwa na Serikali yenyewe. Kazi ilikuwa moja. Chini ya shirika, watoto walisonga mbele. Chini ya Serikali, hakukuonekana faida. Miongoni mwa mambo yaliyotazamwa kama sababu ni kuchelewa kwa mishahara na ulegevu wa usimamizi. Sisi makarani tunaliona somo hilo kwa uchungu, kwa kuwa hati ya mshahara hupita mezani petu. Karatasi inayolala mezani juma moja ni mwalimu asiyekwenda darasani juma moja.

Kwa hiyo masomo ya kusaidia walioachwa nyuma yataka mambo matatu pamoja: yaanze pale mtoto alipo, yafanyike kila siku, na awepo mtu wa kuangalia kama kweli yanafanyika. Likikosekana moja, fedha hupotea, ziwe za Serikali au za baba mtu.

YALIYOMPATA MWANANGU

Nirudi Mowlem. Siku ya pili yake nilikwenda shuleni kwake kabla ya kuingia kazini. Mwalimu wa darasa alinisikiliza kwa upole. "Mzazi," akasema, "ninao watoto zaidi ya sabini. Nikirudi nyuma kwa ajili ya mmoja, wengine wanakosa somo la leo." Sikuweza kumlaumu. Lakini alinipeleka kwa mwalimu mwenzake wa gredi ya pili, mama mtu mzima, ambaye kila siku saa tisa na nusu alikuwa akibaki nusu saa na watoto kumi na wawili wasioweza kusoma. Hakuwatoza chochote. "Mlete," akaniambia, "lakini jua kwamba hao wengine ni wadogo."

Hapo ndipo palipokuwa na mlima. Mvulana wa gredi ya tano kukaa na watoto wa miaka saba, akitamka "ba, be, bi"! Siku ya kwanza alikataa. Siku ya pili alikwenda ameficha kile kitabu kidogo ndani ya shati. Mwalimu yule, kwa hekima yake, hakumwita mwanafunzi. Alimpa kazi ya kuwagawia wadogo kadi za herufi, na ili awagawie ilimpasa azijue. Nyumbani nilisimamisha ile tuisheni ya shilingi 200. Badala yake, binti wa jirani yetu aliyemaliza kidato cha nne alikaa naye dakika thelathini kila jioni, wakasoma ukurasa mmoja tu, kwa sauti. Siku za kwanza alichoka kabla ya mstari wa tatu.

Haikuwa kazi ya siku mbili. Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Mwezi wa tatu alianza kusoma majina ya maduka tulipokuwa tukipita barabarani, tena bila kuulizwa. Mwezi wa Desemba tulikwenda nyumbani, naye akamsomea nyanya yake habari za gazeti zima lililofungiwa sukari. Kuhesabu bado kulimpa taabu, na mtihani wa gredi ya sita wa mwaka 2024 haukumweka miongoni mwa wa kwanza. Lakini aliyasoma maswali yake mwenyewe, na hilo mimi naliita ushindi.

MZAZI AFANYE NINI?

Ningependa kila msomaji mwenye mtoto wa shule afanye jambo moja jioni ya leo. Mpe mtoto gazeti hili au kitabu cha gredi iliyo chini ya yake, umwambie akusomee mistari mitano kwa sauti. Asome asichokikariri. Kisha mwulize, kwa lugha yoyote, mistari hiyo inasema nini. Usimpige wala usimcheke. Akisoma na kueleza, shukuru. Akikwama, umejua leo kile ambacho wengine hukijua siku ya mtihani.

Ukijua amekwama, nenda shuleni, usiende kwanza kutafuta mtu wa kumlipa. Mwulize mwalimu: "Mwanangu amekomea wapi: herufi, neno, au kuelewa?" Uliza pia kama yuko mwalimu anayewasaidia wa namna hiyo, na kama hayuko, wazazi wenzako wenye shida kama yako ni wangapi. Wazazi kumi wakisimama pamoja mbele ya halmashauri ya shule, watasikilizwa kuliko mmoja anayenung'unika kwenye ngazi za nyumba yake. Na ikiwa ni lazima umpate mtu wa kumsaidia mtoto nyumbani, mwulize swali moja tu kabla ya kutoa shilingi: "Utaanza na nini?" Akijibu kwamba ataendelea na somo la shule, mshukuru, ushike njia. Akijibu kwamba kwanza atamsikiliza mtoto akisoma, huyo mpe kiti.

Nasi tulio katika ofisi za Serikali, kubwa na ndogo, tusidhani kazi yetu iko mbali na darasa. Hati ya mshahara, barua ya uhamisho wa mwalimu, hesabu ya vitabu: kila moja ina mtoto nyuma yake anayengoja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mtoto wa gredi ya pili huzibwa kwa nusu saa kwa siku, na mwalimu mmoja mvumilivu. Ukuta wa kijana wa kidato cha pili asiyejua kusoma, sijui ni fundi gani atakayeujenga.